Lapeli ya Koti na Hesabu ya Mkulima: Ushonaji wa Suti katika Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Katika koti la suti, lapeli ni ile sehemu ya mbele inayokunjwa nje juu ya kifua, kuanzia pale inaposhonwa na kola hadi karibu na kifungo cha kwanza, na ingawa haimkingi mvaaji dhidi ya baridi wala haibebi kitu chochote kizito, ndiyo inayotazamwa kwanza na ndiyo inayomsumbua fundi kuliko sehemu nyingine nyingi za vazi hilo. Mitindo yake mikuu ni mitatu. Lapeli ya pengo huacha uwazi wenye pembe mahali inapokutana na kola. Lapeli ya ncha huchongoka kuelekea begani na kuupita ukingo wa kola. Nayo lapeli ya shali haina pengo wala ncha, bali huteremka kwa mviringo mmoja kutoka shingoni hadi kiunoni. Katika Nyeri na miji mingine inayouzunguka Mlima Kenya, kama vile Karatina, Othaya, Nanyuki, Kerugoya, Embu na Meru, lapeli ya pengo yenye upana wa wastani ndiyo iliyotawala kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, na ni rahisi kulieleza jambo hilo kwa kudai kwamba watu wa milimani hawapendi kujionyesha. Maelezo hayo hayatoshi. Historia ya ushonaji katika miji hiyo inaonyesha kwamba uchaguzi wa lapeli uliongozwa zaidi na hesabu ya mtu anayepata fedha kwa msimu, anayenunua koti moja la kuvaliwa miaka mingi, na anayejua kwamba kosa la lapeli halirekebishiki kirahisi.

Asili ya lapeli ni makoti ya Ulaya yaliyofungwa hadi kooni, ambayo wavaaji wake, wakiwamo wanajeshi na wapanda farasi, walifungua vifungo vya juu na kukunja ukingo wa kifua nje, hata mkunjo huo ukazoeleka na mafundi wakaanza kuukata kwa makusudi. Tundu la kifungo lililobaki kwenye lapeli ya kushoto ni alama ya zamani hizo, kwa kuwa awali lilipokea kifungo cha upande wa pili koti lilipofungwa wakati wa baridi. Kufikia mwisho wa karne ya 19 mafundi wa London walikuwa wamezigawia lapeli kazi zake: ncha ilikwenda kwa makoti marefu ya rasmi na kwa makoti ya safu mbili za vifungo, yaani yale ambayo upande mmoja wa kifua hulalia juu ya mwingine, shali ilikwenda kwa makoti ya jioni, na pengo likabaki kwa koti fupi la mchana, lililoenea kuanzia miaka ya 1860 na ambalo baadaye lilikuwa vazi la makarani, walimu na wafanyabiashara karibu duniani kote. Mgawanyo huo uliingia Afrika Mashariki ukiwa umekwisha kukamilika, ukiletwa na maofisa, walowezi na wamisionari.

Nyeri yenyewe ilianza kama kambi ya kijeshi mwishoni mwa mwaka 1902, baada ya msafara wa silaha dhidi ya watu wa Tetu. Mwaka huohuo wamisionari wa Consolata kutoka Turin, Italia, walipokewa Tuthu na chifu Karuri wa Gakure, na baadaye wakaifanya Nyeri kuwa kitovu cha kazi yao. Kanisa la Scotland likafungua kituo cha Tumutumu karibu na Karatina mwaka 1908, Waanglikana wakaingia upande wa Kirinyaga na Embu mnamo 1910, na Chogoria, chini ya mteremko wa mashariki wa mlima, ikapata misheni yake mwaka 1922. Kabla ya hapo wenyeji walivaa ngozi zilizolainishwa, kisha biashara ikaleta blanketi na kitambaa cha pamba kilichojulikana kama marekani. Wanafunzi wa kwanza wa misheni, walioitwa athomi kwa Kikuyu kwa sababu ya kusoma kwao, hawakuanza na suti: kanzu na kaptura vilitangulia, na koti lilifuata polepole, mara nyingi likiwa limekwisha kuvaliwa na mtu mwingine na likivaliwa bila suruali ya kulingana nalo. Hivyo lapeli ya kwanza ambayo wengi wao waliivaa haikuchaguliwa na mvaaji, bali ilichaguliwa na fundi wa mbali kwa ajili ya mteja wa mbali.

Nafasi ya kuchagua ilikuja na maduka. Reli ya tawi la Thika ilisogezwa kaskazini katika miaka ya 1920, ikapita Karatina na Kiganjo, kituo kinachohudumia Nyeri, na kufika Nanyuki mwanzoni mwa miaka ya 1930. Robota za vitambaa zikaanza kushushwa karibu na mashamba, na wafanyabiashara wa Kihindi wakajenga safu za maduka ya mabati ambayo yalikuwa na baraza mbele. Utaratibu uliotokea ulifanana karibu katika kila mji. Mwenye duka aliuza kitambaa kwa yadi ndani, huku barazani akiketi fundi mwenye cherehani ya kukanyaga kwa miguu, mara nyingi mali ya mwenye duka, na mteja akatoka na kitambaa chake akapimwa palepale mbele ya wapita njia. Mafundi wa kwanza walikuwa Wahindi, lakini vijana wa Kiafrika waliokaa kando yao wakifagia, wakichochea pasi ya makaa na kushona vifungo walijifunza kazi kwa macho, na baada ya miaka kadhaa baadhi yao walikuwa wameshika mkasi wenyewe.

Mji huohuo ulikuwa na hoteli ambako lapeli zilisomwa kwa makini zaidi. White Rhino ilikuwa mahali pa kukutania walowezi, na mwaka 1928 Eric Sherbrooke Walker alifungua Outspan, ambayo miaka minne baadaye ilianza kupeleka wageni Treetops msituni kutazama wanyama. Chakula cha jioni katika hoteli za namna hiyo kilikuwa na mavazi yake, na lapeli za ncha na za shali zilizofunikwa hariri zilionekana chumbani humo, wakati wahudumu Waafrika walipita baina ya meza wakiwa wamevaa kanzu. Desturi hiyo iliishi muda mrefu: Mount Kenya Safari Club, iliyoanzishwa karibu na Nanyuki mwaka 1959 na mwigizaji William Holden pamoja na wenzake, ilijulikana kwa kuwataka wanaume wavae koti na tai wakati wa mlo wa jioni. Kwa hiyo lapeli ya shali haikuwa jambo geni katika miji ya Mlima Kenya. Ilikuwa inajulikana vema kama nguo ya watu wengine na ya saa isiyokuwa ya kazi, na mwalimu au karani aliyeagiza suti hakuwa na mahali pa kuivaa.

Walimu na makarani ndio waliokuwa wateja thabiti wa fundi kati ya vita viwili vya dunia. Shule ya serikali ya Kagumo ilifunguliwa karibu na Nyeri mwaka 1933, shule za misheni na zile za kujitegemea ziliongezeka, na mshahara wa kila mwezi, hata ukiwa mdogo, ulimwezesha mtu kutoa arbuni na kumaliza deni kidogo kidogo. Hata hivyo mwanamume huyo mwenye koti bado alilazimika kuwa na kipande, yaani hati ya utambulisho ambayo tangu mwaka 1920 hivi wanaume Waafrika waliibeba ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Koti la pengo lilikuwa na faida katika mazingira hayo, kwa sababu lilifaa darasani, kanisani, mahakamani na mazishini, na halikumpa mkuu wa wilaya wala mlowezi sababu ya kudhani kwamba mvaaji anajifanya mgeni wa karamu.

Vita vya Pili vya Dunia vilibadilisha kipimo hicho kwa muda. Wanajeshi waliorudi mwaka 1945 na 1946 kutoka Burma, Ethiopia na kwingineko walikuwa na akiba ya mshahara na walikuwa wameona nguo za miji mikubwa, na koti la safu mbili lenye lapeli pana za ncha likawa alama ya mtu aliyetembea. Jambo la kuangaliwa ni kwamba Uingereza yenyewe ilikuwa imezuia kushona makoti ya safu mbili kuanzia mwaka 1942 ili kuokoa kitambaa, kwa kuwa kifua kinachojikunja mara mbili hula nguo nyingi zaidi. Fundi wa barazani alifahamu hesabu hiyohiyo bila sheria: koti la safu mbili lilidai kitambaa cha ziada na bitana ya ziada, yaani kile kitambaa laini cha ndani, na gharama yote ilimwangukia mteja. Baada ya fedha za vita kuisha, mtindo huo ulirudi kuwa wa wachache.

Hali ya hatari iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 ilifanya mavazi kuwa jambo la usalama. Wapiganaji wa Mau Mau dhidi ya ukoloni waliagiza watu wasusie mabasi, sigara na bia za Kizungu, na pia wasivae kofia za Kizungu, hivi kwamba mwanamume aliyezoea suti kamili alivua kofia na kubaki na koti. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau na mzaliwa wa eneo la Tetu, alikamatwa Oktoba 1956 akiwa na vazi la ngozi ya chui, akahukumiwa Nyeri mwezi uliofuata mbele ya jaji na mawakili waliovaa kwa utaratibu wa Kiingereza, na akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Wiki chache baadaye, Machi 1957, Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, na kiti cha Mkoa wa Kati kikachukuliwa na Bernard Mate wa Meru. Mwaka uliofuata wakaingia Jeremiah Nyagah wa Embu na Julius Gikonyo Kiano wa Murang'a. Picha za mikutano ya katiba katika Lancaster House huko London kuanzia mwaka 1960 zinaonyesha wajumbe wa kizazi hicho wakiwa na makoti meusi ya safu moja yenye lapeli nyembamba, kama ilivyokuwa mitindo ya dunia wakati ule. Koti hilo likawa sura ya uhuru wenyewe, na wateja wa Karatina na Embu walioagiza suti za harusi katika miaka ya 1960 walikuwa na picha za magazeti za kumwonyesha fundi.

Ili kuelewa kwa nini wembamba huo haukukubaliwa moja kwa moja, inafaa kutazama jinsi lapeli inavyotengenezwa. Fundi huanza kwa kuchora kifua cha koti juu ya kitambaa kwa chaki, akiacha ukingo wa mbele ujitokeze nje ya mstari wa katikati kwa upana wa lapeli atakayoikunja. Kisha hukata kipande kingine cha kitambaa hichohicho cha kuifunika upande wa juu, kwa kuwa koti linapokunjwa, sehemu iliyokuwa ya ndani ndiyo inayotazama nje. Kati ya vipande hivyo viwili huwekwa kanvasi, yaani kitambaa kigumu cha ndani kinacholipa koti umbo. Katika kazi ya gharama kubwa kanvasi hushikizwa kwa mamia ya mishono midogo ya mkono, kila mmoja ukivutwa kidogo huku kitambaa kikiwa kimekunjwa juu ya kidole, ili lapeli ijifunze kujikunja yenyewe na isibanwe bapa na pasi. Katika kazi ya haraka, iliyoenea zaidi baadaye, hutumika kitambaa chenye gundi kinachoshikana kwa joto la pasi. Baada ya kushona ukingo, fundi hupunguza mabaki ya mshono hadi yabaki membamba sana, huigeuza lapeli, huisukuma ncha yake itoke kwa kitu kisicho kikali, na mwishowe huilaza lapeli ya kulia juu ya ya kushoto kuhakikisha kwamba mapengo yanalingana, kwa maana tofauti ya unene wa uzi wa sufu huonekana kutoka upande wa pili wa barabara.

Kutokana na utaratibu huo hutokea kanuni ambayo kila fundi wa koti anaijua. Ubavu wa koti waweza kupanuliwa, kwa sababu mshono huachiwa akiba ya kitambaa. Mkono waweza kurefushwa kwa kufungua pindo. Lakini lapeli, ambayo mabaki yake yamekwisha kukatwa, yaweza tu kupunguzwa, wala haiwezi kuongezwa. Mteja aliyechagua lapeli ya inchi 2 wakati wembamba ulipopendwa hakuwa na njia ya kurudi mtindo ulipogeuka, ilhali aliyechagua inchi 3 au 3 na nusu angeweza kuvaa koti lake miaka 20 bila kuonekana wa kale mno, na akitaka angeweza kumrudishia fundi alipunguze. Katika nchi ya baridi kama Nyeri, iliyo zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na yenye ukungu wa gathano, yaani majira ya baridi ya Juni hadi Agosti, koti la sufu lilivaliwa kweli na lilitarajiwa kudumu, likihama kutoka harusini kwenda kanisani, kutoka kanisani kwenda sokoni, na mara nyingi kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Wastani wa lapeli ulikuwa bima.

Bima hiyo iliwekwa kando kwa wazi zaidi wakati wa kahawa. Wakulima wa Meru na Embu walikuwa wameanza kuruhusiwa kupanda kahawa katika miaka ya 1930, lakini wa Nyeri walisubiri hadi miaka ya 1950, hasa baada ya Mpango wa Swynnerton wa kuendeleza kilimo cha Waafrika, wa mwaka 1954, na vyama vya ushirika ndivyo vilivyokusanya mazao na kugawa malipo. Wakati huohuo biashara ya miji ilibadilisha mikono: Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1967 iliwabana wafanyabiashara wasio raia, familia nyingi za Kihindi zikaondoka, na mafundi Waafrika waliokuwa wakishona barazani wakapata nafasi ya kuhamia ndani ya maduka. Mashamba ya kahawa ya Brazil yalipoharibiwa na barafu Julai 1975, bei ya dunia ilipanda hadi kuzidi dola 3 kwa ratili mwaka 1977, na fedha ambazo hazijawahi kuonekana zikafika Othaya, Mathira, Kirinyaga na Meru, zikiangukia hasa miaka ambayo mitindo ya dunia ilitaka lapeli za inchi 4 na nusu hadi 5. Suti za miaka hiyo ziliweza kulipiwa, na vitambaa vilipatikana, kwa kuwa nchi ilikuwa na viwanda kama Raymond cha Eldoret kilichofuma sufu, na Nanyuki ilikuwa na kiwanda chake cha nguo kilichojulikana kama Mountex. Koti pana la wakati wa kahawa lilitangaza kwamba mvaaji wake, kwa mara hiyo, hakuhitaji kufikiria miaka 20 ijayo.

Sambamba nalo lilisimama vazi lililoikataa lapeli kabisa, nalo ni suti ya Kaunda, iliyopewa jina la rais wa kwanza wa Zambia: koti jepesi lenye kola ya wazi na mikono mifupi, lisilohitaji tai wala kanvasi, ambalo walimu na watumishi wa serikali walilipenda kwa sababu lilishonwa haraka na kufuliwa nyumbani. Kwa upande mwingine, siasa ziliipa lapeli kazi mpya. Rais Daniel arap Moi alijulikana kwa ua la waridi kwenye tundu la lapeli, na katika enzi yake beji zenye picha yake zilibandikwa mahali hapohapo kwenye makoti ya wanasiasa na wakuu wa utawala, hivyo sehemu iliyokuwa imebaki bila kazi tangu makoti yalipoacha kufungwa kooni ikawa mahali pa kusoma utii wa mtu.

Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukilinda bei ya kahawa ulivunjika, na miaka michache baadaye soko la nguo lilifunguliwa. Mitumba iliingia kwa wingi mapema katika miaka ya 1990, viwanda vya nguo vikadhoofika au kufungwa, na koti lililoshonwa Ulaya likaweza kununuliwa katika soko la Karatina kwa sehemu ndogo ya gharama ya kitambaa kipya. Kwa namna fulani historia ilirudi kwa athomi, maana lapeli tena ilichaguliwa na mtu wa mbali. Lakini safari hii fundi alikuwepo. Makoti mengi ya mitumba ya miaka hiyo yalikuwa na lapeli pana za miaka ya 1970 na 1980, na kwa kuwa lapeli hukubali kupunguzwa, kazi ya kufumua, kukata upya na kushona tena ukingo ilimpa fundi riziki wakati ambapo kushona suti nzima kulikuwa kumepungua. Vijana waliofunzwa katika shule za ufundi za vijijini, zilizoanzishwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa juhudi za Baraza la Kikristo la Kenya, waliingia katika soko ambalo urekebishaji ulikuwa sehemu kubwa ya kazi.

Mzaliwa wa Othaya, Mwai Kibaki, alipokuwa rais kati ya mwaka 2002 na 2013, suti zake za rangi tulivu ziliendeleza desturi ya walimu na makarani wa zamani, ingawa katika miaka hiyohiyo mabwana harusi vijana walikuwa wakiagiza makoti ya kubana yenye lapeli za inchi 2, na baadaye lapeli za shali za rangi tofauti na koti lenyewe. Chaguo hilo la pili linaeleweka kwa hesabu ileile iliyogeuzwa: suti ya harusi inayokodishwa, au inayoshonwa kwa picha za siku moja, haitakiwi kuishi miaka 20, na kwa hiyo haihitaji bima ya wastani. Mwaka 2023 suti ya Kaunda, iliyokuwa imerudi kwa nguvu kwa kuvaliwa na Rais William Ruto, ilipigwa marufuku ndani ya Bunge na Spika Moses Wetang'ula, aliyesisitiza koti, kola na tai. Uamuzi huo uliirudisha lapeli mahali ilipokuwa mwaka 1957, yaani kuwa sharti la kuingia katika chumba cha kutungia sheria.

Kwa mwanahistoria, basi, lapeli ni ushahidi unaoweza kupimwa kwa futi ya fundi. Picha za studio, za harusi na za mikutano ya vyama vya ushirika katika miji ya Mlima Kenya zinaweza kupangwa kwa miaka kwa kutazama upana wa lapeli, lakini upana huo usisomwe kama orodha ya mitindo iliyoigwa kutoka London kwa kuchelewa. Lapeli ya wastani inaonyesha mahali ambapo mvaaji alitarajia koti liuzidi umri wa mtindo. Lapeli pana sana au nyembamba sana inaonyesha kwamba, kwa sababu ya vita, kahawa, mitumba au kukodisha, mtu huyo alikuwa ameondolewa mzigo wa kufikiria kesho ya koti lake. Kinachoitwa uhafidhina wa mavazi ya Nyeri kilikuwa, kwa sehemu kubwa, mkopo ambao mteja alijikopesha mwenyewe, na fundi ndiye aliyemshauri masharti yake.